Ushauri wa Mtu Niliyemwacha

Machi 3

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa matusi. Nilikuwa katikati ya video, nimefika pale pa kupachika mkono wa blauzi, simu nimeifunga kwenye kiti ng'ambo ya meza ili watu wanione vizuri usoni. Mabati yakaanza kupigwa. Nikapaza sauti, mvua nayo ikapaza. Mwisho nilikuwa nafoka peke yangu sebuleni, na mama akatoka chumbani kuuliza nani kaniudhi.

Video imeharibika, ila nimeiweka hivyo hivyo. Naandika haya kwa sababu msimu huu sitaki upite hivi hivi. Mama mwenye duka kubwa la vitambaa ana ukumbi ghorofani, una dari la zege na madirisha marefu, na vyerehani vimepangwa vinasubiri. Anatafuta fundi mmoja wa kufundisha kushona pale na kurekodi video pale pale. Atamchagua mvua zikiisha. Nautaka ukumbi ule. Nauandika bila aibu yoyote: nautaka.

Mama yangu anasema nisijipe presha. Mama hajawahi kufundisha watu huku ndoo tatu zinapokea maji nyuma yake.

Machi 5

Imenyesha kutwa. Sikurekodi.

Machi 9

Leo nimepata ujumbe kutoka kwa Bwana Tepu.

Bwana Tepu ni fundi, naye ana chaneli ya kushona. Watazamaji wake ukiwaalika wote hapa sebuleni watakaa na viti vitabaki. Pia alikuwa mume wangu. Jina nilimpa mimi, kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki shingoni, hata mezani, hata kwenye misiba. Niliondoka kwake miaka kadhaa iliyopita, na sababu ilikuwa moja tu: hakuna nilichofanya ambacho hakukipima. Nikikata kitunguu, vipande havilingani. Nikicheka, nimecheka mapema. Nikilala, nimelala upande mbaya wa mto. Siku nilipofunga virago aliniambia nimekunja nguo vibaya.

Ujumbe wenyewe hauna hata salamu: "Video yako ya mkono nimeitazama. Nikajifanya sijui kitu, nikafuata unavyosema, hatua kwa hatua. Mkono umetoka umetazama nyuma. Simu umeiweka upande usio wake, na kiganja chako kinaziba kazi. Watu wanakutazama, hawashoni."

Hawashoni! Mimi ninayetazamwa na maelfu. Yeye ambaye video yake ya mwisho imepata maoni mawili, na moja ni la dada yake.

Machi 10

Bado nimekasirika. Nimevunja sindano mbili.

Machi 14

Nimepeleka kesi kundini. Kundi letu ni la wenye chaneli, tunaongea kwa simu, na mkubwa wetu tunamwita Milioni kwa sababu watazamaji milioni anao. Huyu ni kijana wa vichekesho, umaarufu aliupata kwa kuanguka. Anaanguka kwenye ngazi, anaanguka kwenye beseni la nguo, anaanguka akiwa amebeba keki. Nisimdharau, anaanguka vizuri.

Nikawawekea ujumbe wa Tepu, wakaucheka mpaka simu ikapata moto. Milioni akatuma sauti: "Dada yangu, sheria ni moja tu. Ushauri usiupokee kutoka chini. Mtu hana watu, anakufundisha nini? Angekuwa anajua, si angekuwa juu? Wewe usipoe. Weka muziki, kimbiza video, piga stori zako zile. Mvua yenyewe haitasikika."

Nilimwona ana akili sana. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Machi 17

Mvua. Ndoo zimekuwa nne.

Machi 22

Video ya mkono nimeirudia kama alivyosema Milioni. Muziki juu, mkono wa blauzi umeingia kwapani ndani ya dakika moja, na katikati nimesimulia ile ya bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni akiwa na mchumba asiye wake. Imelipuka! Maoni yanaingia kuliko mvua. "Dada unatuua mbavu." "Dada mdomo huo uuze." Nimekaa na simu mkononi, chai imepoa mara mbili. Mama naye amecheka, ingawa hadithi ya bibi harusi anaijua.

Nilitaka sana Tepu aione. Nadhani ameiona. Hakusema kitu, na Tepu asiposema kitu ujue anapima.

Machi 27

Leo lazima niandike kirefu.

Asubuhi kulikuwa na ujumbe wa mama mmoja nisiyemjua. Amemshonea mwanawe sare ya shule kwa kufuata video yangu. Akaandika kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniumiza: "Samahani fundi, huenda kosa ni langu. Mwanangu akiinua mkono kujibu swali, shati lote linapanda naye mpaka tumbo linaonekana. Sasa ameacha kujibu maswali." Ametuma na picha.

Fundi yeyote angeona. Mkono wa kushoto ameupachika kulia na wa kulia kushoto. Pale begani mkono wa nguo haufanani mbele na nyuma: mbele umechimbwa zaidi, nyuma umeachiwa nafasi. Ukiibadilisha, nguo inamkaba mtoto kila akiinua mkono. Na kwa nini ameibadilisha? Kwa sababu mimi nilikaa ng'ambo ya meza nikimtazama yeye. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. Alifuata macho yake, na mimi ndiye niliyeyadanganya.

Nikajiambia ni mmoja tu. Nikaandika kwenye chaneli: "Aliyeshona mkono kwa kufuata video yangu atume picha, tuone kazi." Maelfu walitazama ombi hilo. Nikangoja mpaka saa za mchana. Walionijibu walituma vicheko, vidole gumba, na mmoja aliuliza kama nimeolewa. Mikono ilikuja michache sana, ya kuhesabika kwa vidole, na mingi ilitazama nyuma.

Basi nikamwita mama. Mama hajawahi kushona hata kifungo, miaka yote anasema ana binti wa kazi hiyo. Nikamkalisha mezani na kitambaa, uzi, sindano na video yangu, nikamwambia afuate, mimi nakaa kimya pembeni.

Hakuwa na subira hata kidogo. "Unavuta uzi hivi," sauti yangu ikasema kwenye simu, "unagawanya mikunjo hivi, halafu hivi."

"Hivi ndiyo vipi?" mama akaiuliza simu.

Simu ikaendelea na hadithi ya bibi harusi.

"Mwanangu, hivi ndiyo vipi? Mimi naona kiganja tu. Kiganja kikubwa hicho, halafu kinatoka, kazi imekwisha! Umefanya mazingaombwe au umeshona?"

"Mama, rudisha nyuma uangalie tena."

"Nimeshaangalia. Unachekesha, sikatai. Lakini mimi hapa nimeshika tambara."

Alikuwa ameshika tambara kweli. Nikalichukua, nikaenda kukaa jikoni. Tepu alisema kiganja kinaziba, na kinaziba. Alisema simu iko upande usio wake, na ndivyo. Nimemchukia leo kuliko siku niliyoondoka, maana siku ile angalau alikuwa amekosea kuhusu nguo zangu. Nilikuwa nimezikunja vizuri.

Machi 28

Sitamwandikia kumwambia alisema kweli. Afe nayo.

Aprili 2

Lakini ushauri nimeuchukua. Ushauri hauna mwenyewe ukishatoka mdomoni.

Nimelaza mpini wa ufagio kutoka juu ya kabati hadi kwenye upau wa mlango, simu nimeining'iniza hapo, inatazama chini kupitia bega langu la kulia. Sasa anayetazama anaona kazi kama anavyoiona mshonaji mwenyewe: kulia ni kulia. Mara ya kwanza nilisimama ghafla nikaipiga kwa kichwa, ikaanguka ndani ya ndoo. Imekauka, inawaka. Mara ya pili nywele zangu zilijaza kioo chote. Mara ya tatu nikafunga kitambaa kichwani, nikajifunza kushika kitambaa kwa ncha za vidole, kiganja nje. Ukizoea kushika kwa namna yako miaka mingi, kubadili ni kama kula kwa mkono usio wako.

Mvua ilipozidi nilinyamaza. Sikupigana nayo. Vidole vikaendelea polepole, na mvua ilipopumua nikasema neno moja au mawili: huu ni mbele, huu ni nyuma, weka alama ya chaki kabla hujasahau. Sura yangu haionekani hata mara moja.

Mama alitazama, akashona. Mkono wake umejaa mikunjo, uzi umefungamana, lakini umetazama mbele. Amezunguka nyumba nzima akijisifu, na leo amekataa kuosha vyombo kwa sababu yeye ni fundi.

Aprili 6

Video mpya imetoka jana. Watazamaji wamenikimbia. Maoni: "Dada uko wapi?" "Mbona umekuwa mkavu?" "Tulikuja kwa mdomo, umetuletea vidole."

Milioni kaandika kundini mbele ya wote: "Nilikuonya. Umemsikiliza mtu wa chini, sasa unamfuata hukohuko chini."

Nikamjibu: "Milioni mdogo wangu, wewe umewahi kutia uzi kwenye sindano? Siku nikitaka kuanguka nitakuja kwako. Nikitaka kushona nitamsikiliza anayeshona, hata kama anatazamwa na paka wake tu."

Nikatoka kundini mwenyewe kabla hawajanitoa. Sitadanganya, iliniuma. Kundi lile ndilo lililokuwa watu wangu wa kila siku.

Aprili 8

Mvua haijasimama tangu juzi. Picha saba za mikono zimeingia. Zote zinatazama mbele.

Aprili 13

Yule mama wa sare ameandika tena. Amefumua, ameshona upya. Mtoto ananyanyua mkono darasani hata kama hajui jibu. Nimeusoma ujumbe huo kwa sauti, halafu nikausoma tena kwa ajili ya mama ambaye alikuwa bafuni.

Maelfu hawajarudi. Leo sijawatafuta.

Aprili 16

Tepu amefunguka kama bomba. Ameona nimegeuza simu, basi anadhani amepewa funguo za nyumba. Ujumbe wa leo ni mrefu. Niache vichekesho kabisa, ufundi si mchezo. Ninunue vazi la kijivu la kikazi. Nisiseme "jamani". Nifundishe kola kabla ya mkono kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa yeye. Nipunguze chumvi kwenye chakula, maana vidole vyangu vinaonekana vimevimba.

Nimeupima ujumbe wake kama anavyopima yeye. Hilo la kola kabla ya mkono ni la maana, nimelichukua. Mengine nimeyarudisha yalikotoka. Vichekesho vyangu nimevirejesha kwenye video, ila sasa nachekesha wakati wa kupiga pasi, mikono ya mtazamaji ikiwa haina kazi; hata kisa cha ufagio unaoshika simu nimekisimulia. "Jamani" nimeisema mara nyingi kuliko kawaida, kwa makusudi.

Kilichoniuma ni kingine. Chini ya video yangu, watu wote waone, ameandika: "Hatimaye amenisikia. Mafunzo haya ni yangu."

Mama anataka nifute. "Huyo mtu hakukuweza ndani ya nyumba, atakuweza mtandaoni?" Sikufuta. Wasome. Mimi najua nilichochukua na nilichokiacha.

Aprili 23

Mvua inanyesha na kukatika. Mama mwenye duka amepiga simu: niende Jumamosi. Sauti yake haikuonyesha lolote. Nimeuliza nijiandae na nini, akasema, "Njoo na video yako ya mkono. Idadi ya watazamaji usiniletee, ninayo."

Aprili 27

Nimerudi. Mama ananiita nikale na mimi nataka kwanza niandike.

Ukumbi ni mzuri kuliko nilivyoukumbuka. Unaongea kwa sauti ya kawaida na unasikika. Kwenye vyerehani walikaa dada wa usafi wa duka na mlinzi wa mlangoni, wote hawajui kushona. Na dirishani, tepu shingoni, alisimama Bwana Tepu.

"Nilisoma maoni yake," mama mwenye duka akaniambia. "Nikaona nimwite na yeye. Kila mmoja wao ana blauzi, na blauzi ina mikono miwili. Mkono wa kushoto wataupachika kwa kufuata video yako. Wa kulia huyu fundi atawafundisha mwenyewe, ana kwa ana. Kisha nitaangalia."

Wakaanza na mimi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya kwenye kiti, na kukaa kimya si kipaji changu. Dada wa usafi alijichoma kidole, akarudisha video nyuma, akacheka kwenye kipande cha pasi, akaendelea. Mlinzi alifumua mara mbili akiongea na uzi. Mikono ikaingia. Ilikuwa imekunjamana hapa na pale, lakini ilikaa begani inavyotakiwa.

Akaja Tepu. Niseme ukweli, mtu huyu anajua. Alieleza kwapa na bega kwa maneno machache mpaka mimi mwenyewe nikajifunza kitu. Lakini dada wa usafi alipopiga mshono wa kwanza, Tepu akasema, "Hapana." Wa pili, "Hapana, mama, si hivyo." Wa tatu akamtoa sindano mkononi. "Lete nikuonyeshe." Akaonyesha mpaka mwisho wa mkono. Kwa mlinzi hakungoja hata mshono wa tatu. Nilikuwa namtazama na nilijisikia nimerudi jikoni kwake, na kisu cha kitunguu kinaondoka mkononi mwangu.

Mama mwenye duka akazishika blauzi zote mbili kwenye mwanga. Mikono ya kulia ilikuwa mizuri mno, ya dukani kabisa. Akatabasamu.

"Nimeshaamua," akasema. "Nawachukua wote wawili. Huyu ameniambia mlioana: mume ana jicho, mke ana mdomo. Watu wanapenda kuona watu wa nyumba moja wakifanya kazi."

"Tumeachana," nikasema.

"Mnaweza kupatana. Angalau mbele ya simu."

Tepu akasema, "Mimi sina kipingamizi. Alikuwa anahitaji tu kuelekezwa."

Ukumbi wangu ulikuwa pale, madirisha marefu, dari la zege, hakuna ndoo hata moja. Ningesema ndiyo ningekuwa nao. Nikasikia mdomo wangu umeshatangulia.

"Mama, ushauri wake niliuchukua, na mbele yako nasema ulikuwa wa kweli. Nilichekwa kwa ajili yake na bado niliufuata. Lakini niliuchukua ushauri, yeye sikumchukua. Kama ukumbi unakuja na huyu, basi nitabaki na mvua yangu nyumbani."

"Basi nimchukue yeye peke yake?"

"Mchukue. Ni fundi kuliko mimi."

Mama mwenye duka alinitazama, kisha akawageukia wale wawili, akawarudishia blauzi zao. "Nyinyi mnasemaje? Ipi kazi nzuri?"

Dada wa usafi akatazama chini. Mlinzi akajikohoza. "Mkono wa kulia ni mzuri zaidi, mama. Huo aliushona mzee." Akaushika ule wa kushoto, wenye mikunjo yake. "Huu nimeushona mimi."

Mama mwenye duka akazikunja blauzi taratibu, akaniambia, "Jumatatu asubuhi. Njoo na huo ufagio wako."

Tepu alinikuta nje chini ya ukingo wa paa, manyunyu yakianguka. Alionekana mzee kidogo, na nikamwonea huruma, nakiri.

"Nilichokuambia kilikuwa kweli," akasema.

"Kilikuwa kweli. Ndiyo maana nilikifanya."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

"Hukuweza kumwachia mtu sindano."

Alifungua mdomo. Nadhani alitaka kunirekebisha. Akaufunga, akaenda zake kwenye manyunyu bila mwavuli.

Aprili 29

Jua. Mabati yanalia yakikauka.

Mambo ya asubuhi: Milioni ameweka video akijisifu kuwa yeye ndiye aliyenilea, na ananingoja nimshukuru hadharani ili watu wake waje kwangu. Mama kanisindikiza mlangoni na onyo, "Na huyo mwingine usimtaje. Utampa kichwa."

Ukumbini, safu ya kwanza walikaa dada wa usafi na mlinzi, hakuna aliyewalazimisha. Nyuma yao walikaa wanawake na wanaume nisiowajua. Simu ikaning'inizwa juu ya bega langu la kulia. Nikaiwasha. Kulikuwa kimya kabisa, kimya ambacho sijawahi kukipata tangu nianze kazi hii, na nikasema niliyotaka kusema:

"Jamani, karibuni. Kabla hatujaanza. Aliyenifundisha kukaa upande huu wa meza ana watazamaji wachache kuliko nyinyi mliomo humu. Alikuwa mume wangu. Alisema kweli na nikamsikiliza, na kwake sirudi. Sasa kila mtu ashike mkasi wake mwenyewe. Mimi sitaushika."